Mkuu wa Mkoa wa Tabora, siku 30 zinawaishia wafanyakazi kwenye mabenchi ya ofisi zetu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima, nakuandikia kuhusu watu wanaoachishwa kazi huko Kaliua, Urambo na Sikonge, kisha haki yao inapotea kwa kuzungushwa.

Namfahamu mlinzi wa usiku aliyeondolewa kwa simu, bila barua wala notisi. Alikuwa na daftari la zamu, kila ukurasa una sahihi yake na saa ya kuingia. Alianza kwa mtendaji wa kata, akaelekezwa wilayani, huko akaambiwa arudi wiki ijayo, mkubwa yuko safarini. Wote walimsikiliza vizuri. Hakuna aliyemwambia kwamba mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30. Alipofika, muda ulishapita. Hapo unaanza kuomba kuongezewa muda, na ombi lenyewe linaweza kukataliwa.

Inauma kwa sababu usuluhishi ungemfaa sana. Msuluhishi hamhukumu mtu. Anawaketisha tajiri na mfanyakazi wake, mambo yakikwama anazungumza na kila mmoja pembeni, na yanayosemwa pale ni siri. Mwajiri anayekaza shingo mbele ya watu mara nyingi hulegea faraghani: atalipa mshahara uliobaki na likizo kwa awamu mbili, atatoa cheti cha utumishi, yameisha. Wakishasaini, makubaliano hayo hukazwa kama hukumu ya mahakama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 30 za kusuluhisha, labda pande zote zikubaliane kwa maandishi kuongeza. Wasipoelewana, shauri linasonga mbele kwenye uamuzi au mahakamani.

Mheshimiwa, agiza kila ofisi ya kata na ya wilaya ibandike tangazo la siku 30 za kufikisha CMA mgogoro wa kuachishwa kazi, pamoja na siku 60 za migogoro mingine kama ya mishahara. Anayempokea mlalamikaji amuulize kwanza: umeachishwa lini? Kisha amwelekeze CMA siku hiyohiyo, hata kama ofisi yake nayo ina nia ya kusaidia.

Zungumza pia na Tume, msuluhishi awe anafika wilayani kwa tarehe zinazojulikana. Mtu hana mshahara, nauli ya kwenda Tabora mjini na kurudi ataitoa wapi? Na mlalamikaji asipotokea siku ya usuluhishi, shauri lake linaweza kufutwa.

Tangazo likibandikwa kabla masoko ya tumbaku hayajafungwa litawakuta wengi bado wako kazini. Maghala yakishafungwa, walinzi na wapakiaji ndio wa kwanza kuambiwa wasirudi.

Wako,
Mkazi wa Tabora