Risala ya Wazazi wa Watoto Wasiosikia na Wasioona kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima kutoka idara ya elimu ya Kaunti ya Nairobi, walimu, wakalimani, wazazi wenzetu, na ninyi watoto wetu mlioketi hapa mbele: hamjambo?

Kwa niaba ya kikundi cha wazazi wa Eastlands, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Sisi ni mama na baba wa watoto wasiosikia, wasioona, na wachache wasiosikia wala kuona. Tunatoka Dandora, Kayole, Umoja na Mukuru. Tulijuana kwenye foleni za hospitali, tukapeana namba za simu, na tangu hapo hatujaachana.

Mheshimiwa, shule tunazishukuru. Leo tunataka kuzungumza habari za nyumbani.

Mtoto asiyesikia akienda shule ya bweni hujifunza lugha ya ishara kwa walimu na kwa wenzake. Likizo ikifika, anarudi kwa mama anayejua ishara za kula, kulala na kuja, basi. Anaona ndugu zake wakicheka mezani, anauliza kuna nini, anaambiwa kwa mkono angoje. Akiumwa na tumbo ataonyesha tumbo. Lakini akikutwa na jambo njiani, hawezi kutueleza ni nani aliyemshika wala wapi. Hilo linatunyima usingizi, hasa sisi wenye mabinti.

Utafiti uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wasiosikia huzaliwa na wazazi wanaosikia. Hapa ukumbini ni vivyo hivyo: wengi wetu hatukuwahi kuzungumza na kiziwi hata mmoja kabla ya kumzaa wetu. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha ya ishara ya Kenya na breli, yale maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuzitumia. Kifungu cha 120 kinaihesabu lugha hiyo ya ishara miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Imeingia Bungeni, ila jikoni kwetu bado haijafika.

Tulijaribu wenyewe. Kijana mmoja kiziwi, fundi wa viatu, alikuwa akitufundisha Jumapili mchana, nasi tukimchangia nauli na chai. Baba mmoja aliyekuwa akikaa nyuma kwa aibu ndiye aliyeshika ishara upesi kuliko sote, maana alikuwa akirudia somo na mwanawe kila jioni. Fundi wetu alipopata kazi nje ya Nairobi, darasa likafa. Ombi letu la kwanza, na ndilo kubwa, ni darasa la kudumu la lugha ya ishara kwa wazazi, ndugu na nyanya wa watoto hawa, Jumamosi, karibu na tunakoishi. Walimu wawe viziwi wenyewe, na kaunti iwalipe kama inavyowalipa walimu wengine. Tunasisitiza malipo kwa sababu kazi ya kujitolea tumeona ilivyoishia.

Ombi la pili ni la mapema. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mwongozo unaofuatwa na wataalamu wa masikio duniani unasema mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Kati yetu wapo waliogundua mtoto akiwa amekwisha kuota meno yote. Mama alisema mtoto hageuki akiitwa, akajibiwa kwamba wavulana huchelewa. Wengine watoto wao walizaliwa wakisikia, wakapoteza uwezo wa kusikia baada ya homa ya uti wa mgongo au manjano kali ya uchangani. Wapo ambao mama aliugua rubela akiwa mjamzito, mtoto akaja na shida ya masikio na macho kwa pamoja.

Kila mtoto hapa Nairobi hutakiwa kuletwa kliniki kupata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha tena miezi 18. Muuguzi anampima uzito, anajaza kitabu. Tunaomba siku hiyohiyo apimwe masikio na macho, maana hospitali na zahanati hizo nyingi zimo mikononi mwa kaunti, na Pumwani, wanakozaliwa wengi wetu na watoto wetu, pia ni ya kaunti. Tafadhali lifikishe hili kwa wenzako wa idara ya afya. Mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha ya simu yaweza kuwa mtoto wa jicho, yaweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo haingoji foleni ya mwezi ujao. Mabango ya kueleza hayo ukutani mwa kliniki hayana gharama kubwa.

Kuhusu vifaa, tunaomba ujue kwamba kumpa mtoto kifaa cha kusikia ni mwanzo tu. Betri yake ndogo huisha baada ya wiki moja au mbili. Ile plastiki inayokaa ndani ya sikio huchongwa kwa kipimo cha sikio lenyewe, na sikio la mtoto linakua. Ikishalegea kifaa kinapiga mluzi, mtoto anakivua na kukitupa chini ya kitanda. Vifaa vingi vya msaada vimelala kabatini kwa sababu hiyo. Bajeti ya kifaa iwe na bajeti ya betri ndani yake.

Wenzetu wa watoto wasioona wana lao. Mama mmoja alijifunza breli kidogo kwa binti yake, akabandika alama kwenye makopo ya jikoni. Kopo la chumvi lina nukta mbili zilizokaa sambamba juu, yaani herufi C, na binti anapika chai na uji bila kuuliza mtu. Mama huyo yuko tayari kuwafundisha wengine. Anachokosa ni karatasi ngumu, vibao na kalamu za kutobolea.

Na watoto wasiosikia wala kuona tusiwasahau kwa kuwa ni wachache. Mmoja wao hupewa sifongo mkononi kabla ya kuogeshwa na kiatu kabla ya kutoka, akajua kinachofuata, akaacha kupiga mayowe. Mama yake alifundishwa hayo na mwalimu aliyemtembelea nyumbani. Tunaomba walimu wa namna hiyo, wanaokuja mlangoni.

Mwisho, nauli. Kwenda Kasarani, kwenye taasisi ya elimu maalum ya KISE, kwa tathmini ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na mzazi hupoteza kibarua cha siku nzima. Fomu za basari ziwe na nafasi ya nauli.

Mweka hazina wetu atakukabidhi risala hii, pamoja na nakala ya breli. Karibu uzungumze nasi, Mheshimiwa. Tafadhali simama upande huu wenye mwanga, karibu na mkalimani, ili watoto wawaone nyote wawili.