Bomba kuukuu, mbona bei karibu na jipya?

Swali hili tunaulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi muulizaji ameshapita kwa wauza chuma chakavu akajua bei ya kilo. Tujibu kwa mizani.

Milingoti yetu ya antena za redio ya ridhaa (ya watu wanaowasiliana kwa kupenda, si kwa biashara) inatokana na mabomba ya majukwaa ya ujenzi: kipenyo milimita 48.3, ukuta milimita 4, urefu mita 6. Likiwa zima lina kilo 26 hivi. Likisoma 20, ukuta umebaki milimita 3 kwa wastani, na wastani huo unadanganya, maana kutu haili sawasawa. Hula ndani, upande uliolala chini. La namna hiyo kwetu ni nguzo ya banda la kuku. Kwa muuza chakavu ndilo rahisi zaidi: kilichopungua kwenye bei ndicho kilichopungua kwenye ukuta. Tunayoyakataa yamo ndani ya bei yetu, hatufichi.

Njia ya mkato inayoturudia zaidi ni kuchomelea mabomba mawili kichwa kwa kichwa, kisha rangi ya fedha juu. Moto unaunguza zinki inayolikinga bomba na kutu, nje na ndani. Nje utapaka, ndani brashi gani itafika? Hewa ya chumvi inaanzia hapo, na kusi likivuma mlingoti unakatika pembeni mwa uchomeleaji. (Na fundi anayevuta moshi wa zinki huamka na homa.)

Sisi kiungo hatukichomelei. Tunakivisha kipande cha bomba la inchi mbili, sentimita 60, nusu juu nusu chini. Ndani lina milimita 53, kwa hiyo inabaki nafasi ya milimita mbili na kitu kuzunguka. Tunaijaza kwa ukanda wa bati la zinki wa milimita 2. Bila ya ukanda mlingoti unacheza na tundu za bolti zinapanuka kama yai. Bolti ni za milimita 10, mbili kila upande, zimepishana kama msalaba. Tundu hupakwa rangi ya zinki kabla ya kufunga, si baada. Juu kifuniko, chini tundu la milimita 8 la kutolea maji. Bomba halizikwi kwenye zege. Linakaa kwenye bawaba juu yake.

"Kamba nne za nini, tatu hazitoshi?" Kamba hizi ndizo zinazoushikilia mlingoti, na ukishasimama tatu zinatosha. Lakini huu ni mita 12 na kilo zaidi ya 50, na wakati wa kuuinua zile mbili za ubavuni, zilizofungwa mapema usawa wa bawaba, ndizo zinazouzuia usiangukie kwa jirani. Juu zinafungwa ngazi mbili, kwenye kiungo na karibu na kilele; ardhini zinafungwa mita 7 hadi 8 kutoka shina la mlingoti. Tunatumia polista ya milimita 6: nailoni inanyumbuka, kamba ya plastiki inaliwa na jua, na waya wa chuma karibu na antena unaingilia mawimbi. Jambiani na Makunduchi kwenye mawe tunatoboa na kutia nondo ya milimita 16 ya kufungia kamba. Pemba penye udongo tunachimba sentimita 60 na kumwaga zege.

Antena ya megahezi 7.1 ina mita 10 kila mkono. Ukiiteremsha nyuzi 45 kutoka mita 11.5, ncha zinabaki karibu mita 4 na nusu juu ya ardhi, hazifikiwi na mtoto. Waya za umeme za ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, zikiwa karibu kuliko urefu wa mlingoti mara moja na nusu, kazi hatuifanyi.

Ncha ukizifunga kwenye mnazi, usikaze. Mnazi unayumba, waya unakatika. Pitisha kamba kwenye kapi, ning'iniza ndoo ya mchanga, ipande na kushuka.

Una bomba lako? Lilete, kulipima ni bure. Lililochomelewa katikati tutalikata kwanza, na kukata tunatoza.