Mikoko ya Nyuma ya Dago

Utete, Rufiji

Ndugu yangu Shabani,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, mimi na wote wa nyumbani tu wazima wa afya, hofu yetu ni juu yako na mama. Kimya kimekuwa kirefu baina yetu, lakini barua yako ya mwisho ina neno lililoninyima usingizi, nalo ni kwamba wewe na Salumu mmekubaliana kufyeka mikoko iliyo nyuma ya dago, kambi ya uvuvi, la mjomba wako ili mlime mpunga. Mambo ya mahari ya Zuhura tutayazungumza tukionana. Leo nakuandikia kwa hili tu.

Umekulia huku bondeni kabla hujahamia deltani, kwa hiyo unaujua mlau, kilimo chetu cha baada ya mafuriko. Maji yakishapungua baada ya masika tunashuka kupanda mahindi na kunde, bila kutia mbolea na bila kungoja mvua nyingine. Ukilichimbua tope lile kwa jembe, juu limekauka na kupasuka vipande vipande kwa jua, lakini chini yake bado ni bichi, jeusi, laini, na ukilifinya linakuachia maji mkononi. Ndani yake mna vumbi la miamba ya Udzungwa na ya nyanda za juu, majani ya misitu iliyo mbali na sisi, kinyesi cha viboko na mizoga ya porini, vyote vimeletwa na mto, na sehemu kubwa zaidi ya maji ya mto huo hutoka Kilombero. Mafuriko ya Aprili 2024 yalituumiza sana, nawe ulikuja kutusaidia kuhamisha watoto, siwezi kulisahau hilo. Hata hivyo ni mafuriko hayohayo yanayotulisha.

Maji yenyewe yana njia ya kurudi. Yakifika baharini jua huyainua kuwa mvuke, pepo huyapeleka bara, na yakigonga milima hushuka tena kama mvua. Naitrojeni, mojawapo ya vyakula vya mmea, nayo hurudi, kwa sababu imejaa hewani na bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya kunde huinasa na kuiweka udongoni. Fosforasi, chakula kingine cha mmea, haiko hivyo. Haigeuki mvuke wala haisafiri na mawingu. Hutoka kwenye mwamba unaolika polepole mno, hushuka na mto ikiwa imeshikamana na tope, na ikishazama katika kina cha bahari imetutoka kwa muda ambao hakuna ukoo unaoweza kuuhesabu. Kidogo tu hurudi bara kwa samaki tunaowavua na kwa ndege. Bila hiyo, muhindi hautii punje. Hapo ndipo mikoko yenu inapoingia, na ndiyo sababu nakusihi.

Maji yaliyobeba tope yakipenya katikati ya mizizi ya mikoko na ya michu, aina nyingine ya miti ya mikokoni, hupunguza mwendo, na yakipunguza mwendo tope hutua. Siku nilipokuja Salale, huko kwenu deltani, niliokota jani la mkoko lililoanguka siku nyingi: lilikuwa limegeuka jeusi, limetoboka, na juu yake mna utelezi. Utelezi ule ni kuvu na bakteria wanaolila jani, nao ndio huliwa na viumbe wadogo ambao hatimaye ni chakula cha kambamiti wachanga waliojificha kwenye vijito. Kaa naye huyavuta majani shimoni, na kwa kuchimba kwake hewa inaingia matopeni. Kambamiti wakikua hutoka kwenda baharini, na wavu wa mjomba wako huwakuta huko. Kwa hiyo rutuba iliyopita kwenye shamba langu ndiyo anayoivua yeye, Shabani, na mkiikata mikoko mtakuwa mmemkatia yeye kwanza.

Najua utasema mpunga wa mwaka wa kwanza unastawi sana. Ni kweli, kwa kuwa mnakula akiba iliyowekwa na miti kwa miaka mingi. Lakini tope la mikoko lina kiberiti, yaani salfa, ndiyo ile harufu ya yai bovu, na likikauka likapata hewa hutoa asidi inayouchoma udongo. Magugu huja, kaa hukata miche, na baada ya miaka michache watu huliacha shamba na kwenda kufyeka kwingine. Mashamba ya namna hiyo umeyaona mwenyewe. Isitoshe, mikoko ya delta ni hifadhi ya serikali tangu enzi za Wajerumani, mwaka 1898, wala sitaki kusikia mmepelekwa mahakamani.

Tena sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, huko juu ya mto wetu. Umeme wa megawati 2,115 ni jambo kubwa kwa nchi, nami naufurahia, lakini tangu maji yaanze kujazwa Desemba 2022, sehemu ya tope hutuama humo kabla ya kutufikia. Tope linapopungua, kinachoweza kulizuia lililobaki hakifai kuguswa hata kidogo. Narudia hilo kwa sababu ndilo zito kuliko yote niliyoyaandika.

Je, mmeshaanza kufyeka, au ni maneno tu? Mjomba mwenyewe anasemaje, na wavu wake msimu huu unapata? Salumu ana deni gani linalomkimbiza hivyo? Je, mngekubali kuja kulima huku? Nina kipande upande wa chini, karibu na dungu la baba, kile kibanda cha kulindia shamba, ambacho sitakilima mwaka huu. Kichukueni nyinyi wawili, sitaki kodi. Mpe jibu lako yeyote anayepanda boti ya kuja Nyamisati, litanifikia, na tafadhali liwe kabla panga halijashikwa.

Msalimie mama sana.

Wako nduguyo,
Hamisi