Shoga, nina jambo la kukuomba

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Uhali gani, watoto je, na huko Kinango mvua zimeshika ama bado mwaangalia mawingu? Sisi tu wazima alhamdulillah. Najua wanidai barua tangu Ramadhani, nisamehe, nimepiga simu mara mbili haishiki nkasema wacha niandike tu, na pengine ni bora maana haya kwa simu ningelia nshindwe kumaliza.

Mdogo wangu mimba imetoka tena. Ya pili hii, ndani ya miaka miwili.

Alikuja Jumatano na matatu ya asubuhi, nkampokea feri, amejifunga kanga mbili, yuwatembea polepole kama mzee. Damu ilianza matone Jumatatu, akaenda pale (sipataji, wewe wapajua), na swali la kwanza aloulizwa ni "ulibeba nini?" Hakupimwa hata presha. Akapewa vidonge vya maumivu akaambiwa akapumzike. Na alipofika nyumbani akakuta habari ishatangulia, mavyaa yake yuwasema ni ule mtungi wa lita 20 alotoka nao silanga Ijumaa, na lile bodaboda alopanda Jumamosi kwenda matangani, mjamzito na matanga wapi na wapi, na kwamba alikatazwa akapuuza. Shoga, alikuja hapa ashaamini. Usiku wa kwanza aliniambia "dada, nimemuua mwanangu kwa maji." Kwa maji! Sikulala.

Asubuhi nkampeleka skani hapa mjini. Yule daktari Mungu ambariki, mpole, akatugeuzia kioo akatueleza pole pole. Kwa hesabu ya hedhi yake ya mwisho ilikuwa wiki 10. Mtoto wa wiki 10 hufika kama milimita 30, na hupimwa kutoka utosini mpaka matakoni maana miguu yenyewe bado haipimiki. Huyu alikuwa milimita 11, na moyo haupigi. Milimita 11 ni mtoto wa wiki 7 na kidogo. Nkamuuliza mbona basi damu imekuja juzi? Akasema kukua kulisimama pale pale kwenye wiki ya saba, mwili ndio uliochelewa kujua, na hutokea hivyo, mimba yaweza kukaa wiki mbili tatu imesimama na mama bado yuwatapika asubuhi.

Sasa hebu hesabu na mimi shoga. Mtungi ni Ijumaa. Bodaboda ni Jumamosi. Yule mtoto ashasimama kukua karibu wiki tatu kabla ya skani! Wakati huo hata huyo maiti wa matanga alikuwa hai bado. Nlimuomba daktari ayarudie mara mbili ili mdogo wangu asikie kwa masikio yake mwenyewe, na alipoyasikia mara ya pili akaanza kulia kilio chengine, si kile cha usiku.

Na daktari hakukurupuka, nataka ulijue hili ukienda kulisema. Alituambia angemkuta mdogo sana, chini ya milimita 7 na moyo hauonekani, asingesema kitu, angetwambia turudi baada ya wiki moja ama zaidi apime tena, kwa sababu hesabu ya hedhi hukosea, wako wanawake yai lao huchelewa kutoka na mtoto akaonekana mdogo kumbe ni umri wake sawasawa. Lakini kwa milimita 11 moyo ungekuwa waonekana wapiga.

Akatwambia pia kuwa katika kila mimba 100 ambazo mama mwenyewe ashajua anayo, kama 10 mpaka 20 hutoka, na nyingi katika hizo hutoka miezi mitatu ya kwanza, na karibu nusu yake ama zaidi ni kromosomu, yaani vile vijiuzi vya urithi ndani ya mtoto havikukaa sawa toka siku yai lilipokutana na mbegu. Hapo mtungi waingilia wapi? Jicho la jirani laingilia wapi? Mimi simdharau mavyaa yake, wallahi, najua na yeye amezika wajukuu, na hilo la kuficha mimba mpaka itokeze hata bibi yetu alifanya, sote tulilelewa hivyo. Lakini kwa kuficha huko mdogo wangu hajawahi kufika kliniki kabla ya mwezi wa nne, na mimba zote mbili hazikufika huo mwezi wa nne. Wafiche majirani, sawa. Nasi wa kliniki, wao wafichwa cha nini? Kliniki ya kwanza yatakiwa kabla wiki 12 hazijaisha, na wiki hizo ndizo zinazopita watu wakinyamaza.

Kuna kitu chaniuma zaidi na hiki sijamwambia mtu. Kwenye wiki ya sita alishikwa na homa siku nne. Baridi, jasho, kichwa. Hakupimwa malaria, alinunua vidonge dukani kwa yule mnayemjua, akajifunika. Siwezi kuapa kuwa homa ndiyo iliyofanya, na daktari pia hakusema hivyo. Lakini alisema malaria ni katika vitu vinavyoweza kutoa mimba changa ama kumdumaza mtoto, na zile dawa za kukinga ambazo wajawazito wa huko kwenu hupewa kliniki wakameza mbele ya nasi, zile huanza wiki ya 13. Kabla ya hapo hazitolewi. Kwa hivyo miezi mitatu ya kwanza kinga yake ni neti, na homa ikija ni kupimwa siku hiyo hiyo, na akikutwa nayo atibiwe, kuna dawa ambayo WHO tangu 2022 imeikubali hata kwa mimba changa, asiogope kumeza. Nlimuuliza mdogo wangu neti iko wapi. Iko. Amelala nayo mavyaa yake na wajukuu, ni moja, na sikuweza kukasirika.

Sasa ombi langu. Wewe wamsomesha mjukuu wake wa mwisho, yule mama akuheshimu, akikuona hukutengea kiti na chai. Nenda kwake shoga. Usende kama wa kumtetea mtu, kaa, muulize hali, kisha umhesabie zile siku kama nlivyokuhesabia. Milimita 11, wiki 7, mtungi wiki ya 10. Yeye ni mkulima, siku za kupanda na za kuota azijua kuliko sisi, ataelewa mbegu isoshika. Na habari ya mganga mwambie asubiri, maana nasikia atakiwa mbuzi, na huyo mbuzi auzwe tu, mtu na mumewe waje wapimwe wote wawili. Mimba mbili zikitoka hivi daktari ataka kuangalia damu, sukari, kaswende, hata kundi la damu lake hatulijui mpaka leo, fikiria! Mumewe pia, si yeye peke yake. Na mwambie daktari asema wengi walopoteza mbili, ya tatu huenda salama.

Kwa sasa hali yake si mbaya. Amesafishwa, damu imepungua. Tumeambiwa akijaza pedi mbili kwa saa moja, ama homa, ama harufu mbaya, ama kizunguzungu cha kuanguka, ni hospitali hapo hapo hata usiku wa manane. Akirudi nyumba yake utampitia jioni jioni umtazame? Atakwambia mzima hata kama si mzima, wamjua.

Je, wafikiri yule mama atasikia? Ama uende na yule nasi wenu mrefu, ama ataona tumemjia kwa jeshi? Na shemeji yangu, ushamuona, yuwasemaje? Hapa hajapiga simu siku ya tatu leo na mimi sijui kama ni hasira ama ni uchungu. Zile neti za kliniki bado zatolewa huko ama nimnunulie moja hapa Marikiti aje nayo? Na wewe mwenyewe, lile tumbo lako lilokuwa lakusumbua ulienda ukatazamwa, ama wanisikiliza tu mimi?

Nijibu kabla ya Ijumaa tafadhali, kwa maana ashasema Jumamosi yuwarudi, nimemkatalia hataki kusikia. Nampa mkebe wa halua akuletee.

Mimi wako,
wa Kisauni