Kwa vijana wa chama chetu, kabla hatujalipia kile kiwanja cha hori

Wajukuu zangu,

Salamu ziwafikie nyote, mlioko Pumwani, Eastleigh, South B na popote mlipotawanyika humu Nairobi. Jumapili niliondoka mkutanoni bila kusema neno, na nimesikia kuna waliodhani nimekasirika. Sikukasirika. Niliwaona mmegawanyika makundi mawili: hawa wanasema Mombasa itazama, pesa zipelekwe Kitengela, wale wanasema hayo ni maneno ya kutishana, bahari ipo pale tangu enzi za mababu. Michango yenu ya miaka mitatu inangoja uamuzi wa kununua kile kiwanja cha Mombasa, ukingoni mwa hori, yaani mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi kavu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kiwanja chenyewe kiko juu kiasi gani ya maji.

Kwamba bahari inapanda, hilo tusibishane. Kati ya mwaka 1901 na 2018 ilipanda kwa wastani wa sentimita 20 duniani, karibu shibiri yangu moja. Maji yakipata joto hutanuka, na barafu za milimani, za Greenland na za Antaktika zinayeyuka na kuishia humo humo baharini. Mwendo nao umeongezeka: katika miaka ya 2006 hadi 2018 ilikuwa inapanda milimita 3.7 kwa mwaka, karibu mara tatu ya ilivyokuwa mwanzoni mwa karne iliyopita. Wanasayansi wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kwamba kufikia 2100 huenda ikaongezeka kati ya sentimita 28 na 55 dunia ikijizuia sana kuchafua hewa, na ikiwa haikujizuia, ifike hata mita moja, yaani dhiraa mbili.

Mmoja wenu alicheka akasema, shibiri ni nini mbele ya bahari? Mjukuu wangu, sikiliza. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi, na alinifundisha kuhesabu maji kabla sijajua kuhesabu fedha. Mwezi ukiandama, au ukitimia kumi na tano, ngoja siku moja mbili, maji ya bamvua yanaingia, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Kwetu Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hukaribia mita 4. Sasa ile shibiri haikai chini, inakaa juu ya bamvua. Ngazi ambayo maji yalikuwa yakiigusa mara moja kwa mwaka, yataigusa mara nyingi, kisha yataipanda. Na mvua ya masika ikikutana na bamvua, mtaro unakuta mdomo wake umezibwa na bahari, hauna pa kumwaga, maji ya mvua yanarudi majumbani. Mji huanza kufurika hivyo, kwa saa mbili tatu, halafu maji yanapwa na watu wanasahau mpaka mwezi mwingine.

Ile asilimia 17 ya Mombasa iliyotajwa mkutanoni kwamba itafunikwa, haikuzushwa. Ni makadirio yaliyochapishwa mwaka 2008, kwamba bahari ikipanda sentimita 30 huenda hekta kama 4,600 za Mombasa zikafunikwa. Lakini mtu akikutajia asilimia, muulize ni wapi. Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na Ngome ya Yesu imesimama juu ya mwamba huo tangu miaka ya 1590. Hata huko mawimbi yanakula ukingo, ndiyo maana ukuta ukajengwa chini ya ngome. Lakini siogopei mwamba. Ninaogopea kingo za hori, upande wa Tudor na Mikindani, palipokuwa na mikoko ikakatwa.

Mkoko hushika tope kwa mizizi, tope likajikusanya, ardhi ikainuka pole pole pamoja na maji. Ukiukata ukamwaga kifusi, umeondoa mlinzi ukajenga mahali pake. Wenzetu wa Gazi, Kwale, tangu 2013 wanatunza mikoko yao hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko yao inainyonya, wakapata maji na kusaidia shule. Nawapenda sana kwa hilo.

Nilinunua kiwanja kama hicho ujanani. Dalali alinipeleka siku ya maji mafu, yale ya mwezi nusu ambayo hayajai sana, nikaona udongo mkavu kutwa nzima. Mwaka wa pili kisima kilikuwa chumvi tupu, maana bahari huingia hata chini ya ardhi, na kila bamvua choo kilikuwa kikirudisha. Bibi yenu alilia, nikauza kwa hasara.

Basi ile picha ya kiwanja mliyoonyeshwa kwenye simu, niliiangalia tarehe yake nikailinganisha na kalenda ya Kiislamu. Ilipigwa siku ya tisa ya mwezi. Maji mafu.

Sisemi msinunue Pwani. Mombasa ni kwetu, na hata asiyekuwa na jamaa huko, mchele na mafuta yanayofika Nairobi hupita bandari ya Kilindini. Tena msidhani kuishi mita 1,700 juu ya bahari kumewaokoa na maji. Aprili 2024 baadhi yenu mlibeba magodoro kichwani Mathare. Muulizeni mwuzaji ukingo wa maji umepimwa wapi, maana kanuni za upimaji huacha kwa kawaida ukanda wa upana usiopungua mita 60 kutoka alama ya maji kujaa kwenda nchi kavu pale ardhi ya serikali inapogawiwa ufukweni. Muulizeni jirani kisima chake kina ladha gani. Onjeni wenyewe.

Na kabla ya shilingi moja kutoka, wawili wenu waende mwezi ukishatimia, wasimame pale kwenye kiwanja tangu saa tisa alasiri, maji yatakuwa yanajaa, wachomeke kijiti yatakapokomea, wapime kutoka hapo kwenda juu. Nauli yao ninayo mimi. Njooni muichukue Ijumaa baada ya laasiri, nitakuwa barazani.

Babu yenu, Pumwani