Yah: Malalamiko Kuhusu Mboji Yenye Mabaki ya Dawa ya Magugu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi Mei, baada ya theluji kuyeyuka na udongo kukauka kiasi cha kulimika, nilinunua mifuko 12 ya mboji ya kampuni yenu, ambayo maelezo yake yanasema imetengenezwa kwa majani makavu na nyasi zilizofyekwa viwanjani. Niliichanganya katika matuta manne ya mboga, na iliyobaki nikaitandaza juu ya ukoka ulioharibiwa na baridi.

Wiki ya tatu baada ya kuhamishia miche bustanini, ncha za minyanya zilianza kujisokota, na majani mapya yakatoka membamba, yamejikunja kama vikombe. Njegere zilidumaa. Mahindi na ukoka, vilivyopata mboji ileile, vilistawi bila kasoro, na hapo ndipo shaka yangu ilipoanzia, kwa kuwa dawa za kuua magugu ya majani mapana haziigusi jamii ya nyasi.

Nilipowaandikia mara ya kwanza, mlijibu kwamba miche yangu iliunguzwa na jalidi. Kwa heshima zote, jibu hilo halikubaliki kwa mtu anayelima penye baridi kali: jani lililopigwa na jalidi hulegea kama limechemshwa, kisha likawa jeusi, halijisokoti. Isitoshe, miche niliihamisha Juni, jalidi ya mwisho ikiwa imekwisha kupita.

Sikutaka kuwatuhumu kwa kukisia. Nilipanda maharage katika vyungu sita: vitatu vyenye sehemu mbili za mboji yenu na sehemu moja ya udongo safi, vitatu vyenye udongo safi peke yake, vyote nikaviweka kwenye dirisha moja na kuvimwagilia maji sawa. Katika vyungu vya mboji, majani yaliyofuata yale mawili ya mwanzo yalijikunja yote. Katika vingine yalifunguka kama kawaida. Picha nimeziambatanisha.

Tatizo hili si geni katika biashara yenu. Mwaka 2000, mboji iliyotengenezwa Spokane, katika jimbo la Washington nchini Marekani, ilikutwa na klopiralidi, dawa ya magugu ambayo haiozi upesi pamoja na nyasi na ambayo hudhuru nyanya na jamii ya kunde hata ikiwa kidogo mno. Kwangu madhara ni makubwa zaidi, kwa sababu vijidudu vya udongoni vinavyoivunja dawa hiyo karibu vinasimama kabisa kufanya kazi ardhi inapoganda, na msimu wenyewe ni mfupi kiasi kwamba nyanya zikiharibika Julai hakuna muda wa kusia nyingine.

Kwa hiyo ninaomba mnirudishie gharama za mifuko yote, mnipe matokeo ya vipimo vya maabara vya mzigo ambamo mifuko hiyo ilitoka, na mwasimamishe wauzaji kuiuza mpaka vipimo vitakapokamilika. Ninaomba pia mnieleze kwa maandishi ni nani anayewaletea nyasi, na kama huulizwa zimepuliziwa dawa gani kabla ya kufyekwa.

Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 14. Mfuko mmoja sijaufungua. Nimeuhifadhi stoo, na mtaalamu wenu anaweza kuja kuchukua sampuli siku yoyote.

Wenu mwaminifu,
Mteja