Usinyooshe mkono tu, Neema

Neema mpenzi,

Hujambo mwenzangu, na nyumbani wote wazima? Nimeisikiliza ile voisi yako nikaona hii siwezi kukujibu juu juu, acha nikae nikuandikie vizuri. Umeniambia baraza lenu limeletewa azimio la kuunga mkono mswada wa kudhibiti dawa kali za maumivu, na wewe unaona ni kupoteza muda kwa sababu sheria inatungwa huko juu, nyie madiwani kazi yenu ni kunyoosha mkono tu na kwenda kula posho. Hapana Neema, hapo nakukatalia kabisa, na nina sababu.

Kwanza tuelewane ni dawa gani tunazungumzia. Sio panadol. Ni zile za jamii ya afyuni, oksikodoni, haidrokodoni, mofini, fentanili, na tramadoli nayo imo humo humo. Ni dawa nzuri sana zikitumika panapostahili, mtu katoka kufanyiwa opresheni kubwa au ana kansa usimnyime, huo utakuwa ukatili. Lakini mwili unazizoea haraka, dozi ya mwezi uliopita mwezi huu haitoshi tena, mtu anaongeza, akikosa anapata arosto, jasho, kutapika, mifupa inauma kama inavunjwa, basi atafanya lolote apate kidonge. Na kinachoua ni pumzi, yaani ubongo unasahau kupumua, mtu anakoroma usingizini watu wanadhani kalala vizuri kumbe ndio anaondoka.

Sasa Marekani ndio walioonja hii kitu mpaka mwisho kwahiyo mifano mingi nitaitoa huko. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ikaleta OxyContin sokoni, wakawaambia madaktari eti kwa vile dawa inatoka polepole mwilini basi uraibu sio wa kuogopa. Mwaka 2007 kampuni iliyohusika pamoja na maofisa wake wakubwa 3 wakakiri makosa mahakamani kwa kuinadi ile dawa kwa udanganyifu, wakalipishwa zaidi ya dola milioni 600, na dawa ikaendelea kuuzwa kama kawaida! Ilipofika 2021 waliokufa kwa dawa za jamii hii ndani ya mwaka mmoja walipita 80,000, ingawa wakati huo wengi wao tayari ilikuwa ni fentanili ya magendo, na hilo nitalirudia hapo chini kwa sababu ni muhimu.

Jiulize sasa, hao watu wakianguka nani anakwenda kuwaokota? Sio bunge. Ni ambulansi ya kaunti, mochwari ya kaunti, jela ya kaunti, na watoto wanaoachwa ni watu wa ustawi wa jamii wa pale pale mtaani wanaohangaika nao. Ndio maana nasema serikali ya mtaa inaona mapema kuliko mtu yeyote, sema tu wengi wanaona halafu wanasubiri.

Waliokataa kusubiri ni wale wa Missouri, na hii stori ndio nataka uishike. Karibu kila jimbo kule lilikuwa na rejista ya dawa kali, yaani ukienda duka la dawa mfamasia anaandika umechukua nini na kiasi gani, daktari mwingine akitaka kukuandikia anaangalia kwanza, akikuta wiki hii umeshapewa kwa wengine kadhaa anajua hapa kuna tatizo. Missouri ikabaki peke yake haina, mswada ukiletwa unakwama kwenye seneti, mpinzani wake mkubwa alikuwa seneta ambaye mwenyewe ni daktari, akisema ni kuingilia siri za wagonjwa. Hoja ya siri sio ya kijinga, nakubali, lakini watu walikuwa wanakufa. Kaunti ya St. Louis ikasema sisi hatungoji, wakapitisha sheria yao ndogo mwaka 2016 na mwaka 2017 rejista yao ikaanza kazi. Halafu unajua nini, kaunti nyingine na miji ikaanza kuomba kuingia, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikawa inafikia sehemu kubwa sana ya watu wa jimbo zima kabla jimbo lenyewe halijafanya chochote. Gavana akaja kusaini sheria ya jimbo mwaka 2021. Sasa niambie hapo nani kamvuta mwenzie? Yule seneta aliweza kuuzuia mswada mmoja lakini hakuweza kuzizuia kaunti zote hizo.

Florida nayo hivyo hivyo kwa namna yake. Kulikuwa na vikliniki vya maumivu kila kona, daktari anakaa na dawa ofisini kwake anaandika na kuuza mwenyewe, watu wanaendesha magari kutoka Kentucky na Ohio huko wanakuja kubeba vidonge. Kaunti kama Broward na Palm Beach zikaanza kusimamisha vibali vya kliniki mpya, kwa sababu kibali cha biashara ni mambo ya mtaa, na hapo ndipo nataka uangalie Neema, baraza lina nguvu kwenye vitu ambavyo hata hamvihesabu. Jimbo likafuata, 2010 likataka kliniki hizo zijisajili, 2011 likapiga marufuku madaktari kuuza hizo dawa ofisini kwao, na kati ya 2010 na 2012 vifo vya oksikodoni pale vilishuka kwa nusu na zaidi kidogo.

Lakini sasa hapa ndio penye uchungu na ndio sababu nimekuandikia barua ndefu badala ya kukwambia piga kura ya ndiyo basi. Ukifunga bomba la vidonge, yule aliyeshazoea haponi siku hiyo. Wengi walihamia heroini, na baada ya 2013 hivi fentanili ya magendo ikaingia, vifo vikapanda kuliko vile vya mwanzo. Na wenye maumivu ya kweli nao wakaumia, maana mwaka 2016 CDC, yaani idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walitoa mwongozo kwa madaktari wapunguze, watu wakaugeuza kama rungu, wagonjwa wa miaka wakakatiwa dawa ghafla, wengine wakaishia kujiua, ikabidi mwongozo uandikwe upya 2022 na wakasema wazi zile namba za dozi sio sheria ya kumkatia mtu.

Kwahiyo azimio lenu likisema tu tunaunga mkono kubana dawa, mimi naliona nusu. Liseme na matibabu. Methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu huu, zipo na zinafanya kazi, anayezitumia uwezekano wake wa kufa unapungua karibu nusu, lakini kuna madiwani wanakataa kliniki ya methadoni isijengwe kwao eti italeta mateja, kana kwamba hao watu wametoka sayari nyingine na sio watoto wa hapo hapo. Liseme naloksoni iwe kwenye kila ambulansi na polisi wafundishwe kuitumia, ile ukimpulizia mtu puani anarudi kupumua. Na mahabusu! Mtu akikaa ndani mwezi bila dawa mwili unasahau, akitoka anapiga dozi yake ya zamani, anakufa ile wiki ya kwanza. Kama mahabusu ipo chini yenu basi huyo ni wa kwenu, msimsingizie bunge.

Na pesa pia ulizia. Kule kaunti na miji zaidi ya 3,000 zilishtaki watengenezaji na wasambazaji, yakatoka makubaliano ya dola bilioni 26 na wasambazaji wakubwa 3 pamoja na Johnson & Johnson, na safari hii wakaandika kabisa kwamba sehemu kubwa lazima iende kwenye kupambana na hili janga, kwa sababu pesa ambazo kampuni za sigara zilikubali kuyalipa majimbo mwaka 1998, majimbo mengi yalizitumia kuziba mashimo ya bajeti. Nyie hamna kesi ila bajeti mnayo, muulize mweka hazina kabla ya kikao fungu la matibabu ya uraibu ni kiasi gani, akikwambia halipo ombeni liwepo ndani ya hilo hilo azimio.

Nakujua ukisimama kuongea watu wananyamaza. Nitumie rasimu ya azimio hata ukiipiga picha na simu, nitaisoma usiku nikuwekee alama pale ninapoona pamepwaya, kikao ni Alhamisi kwahiyo usichelewe. Mama msalimie sana, mwambie nitampigia.

Wako,
Rehema